Sampuli ya Mama Mkubwa

"Mwangalieni huyu," Mama Mkubwa alikuwa akisema, na hapo tayari kishaukamata mkono wangu kama anayepima kuku sokoni. "Alikuwa mweusi tii. Mweusi kunishinda mimi. Watoto wenzake walikuwa wanamwita Mkaa. Leo mwoneni."

Wateja walinisogelea. Wengine walinigusa kwa kidole kimoja, wengine walinifinya, na mmoja, mke wa fundi magari wa jirani, aliwahi kulamba kidole chake akanisugua shingoni aone kama rangi inatoka. Nilisimama nikacheka. Kazi yangu pale dukani ilikuwa hiyo, kusimama na kucheka. Mama Mkubwa alitaka nicheke kwa sababu nina mwanya kwenye meno ya mbele, na alisema mwanya huo unauza kuliko maandishi yote ya kwenye kopo.

Duka liliuza sabuni, vitana, mafuta ya nywele na vikorokoro vingine, lakini watu walifuata makopo meupe ya rafu ya juu. Mkorogo. Mama Mkubwa aliuita "tiba ya ngozi", maana neno mkorogo lilimkera. Ukutani, juu ya meza yake, alibandika picha mbili. Chini ya moja aliandika KABLA, na chini ya nyingine BAADA. BAADA ni mimi. KABLA ni binti yake wa kumzaa, akiwa na sare ya shule ya msingi, jua limemwangukia usoni, amekunja uso. Siku hizi binti huyo ameolewa mbali na haji kututembelea. Simlaumu.

Mimi sikupakwa kitu. Baba yangu alikuwa Mzungu, fundi mitambo aliyeletwa kufunga mashine kiwandani, na mama yangu alikuwa mpishi wa kambi yao. Alipomaliza kufunga mashine akarudi kwao. Mashine zile bado zinafanya kazi. Hiyo ndiyo habari yake yote ninayoijua, na sina hamu ya nyingine.

Kwa hiyo dukani niliitwa Sampuli. Nyumbani, Mama Mkubwa huyo huyo aliniita Chotara. "Chotara, toa viatu vyako mlangoni, hapa si hotelini." "Chotara, punguza mchuzi, Wazungu hawali sana." Mtaani niliitwa Mzungu Koko, na waliosema hivyo walihakikisha nimesikia. Jina alilonipa mama lilibaki mdomoni mwa mama peke yake, naye alilitamka mlango ukiwa umefungwa.

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi sijui nilikuwa kipi. Nilijua tu kwamba natembezwa.

Mama yangu naye alikuwa mle mle dukani, ila hakuna mteja aliyejua kwamba ni mama yangu. Alikaa chumba cha nyuma, nyuma ya pazia la buluu, akikoroga kwenye ndoo kwa mwiko mrefu na kujaza makopo. Akitoka, alitoka na ufagio. Ni mweusi, mwembamba, mpole wa kukasirisha, na mbele ya wateja niliamriwa nimwite "dada", kama watu wanavyomwita msichana wa kazi. Yeye mwenyewe alimwita Mama Mkubwa "dada", kwa kuwa ndiye dada yake kweli. Mle ndani kila mtu alikuwa dada wa mtu, isipokuwa mimi niliyekuwa bidhaa.

"Ukimwita mama," Mama Mkubwa alinionya tangu siku ya kwanza, "watauliza kwa nini mama hajang'ara kama mwanawe. Utanijibia wewe?"

Lakini nisimsingizie Mama Mkubwa uongo wote. Wa kwanza kunikana alikuwa mama.

Nilikuwa bado mdogo, nimevaa mkoba mkubwa kuliko mgongo wangu. Alinipeleka shule mpya akiwa amenishika mkono, na mlinzi wa getini akamwangalia, akaniangalia mimi, akacheka kirafiki kabisa. "Dada, bosi wako leo hakupata nafasi ya kumleta mwanawe?"

Nikamtazama mama, nikisubiri amtie adabu.

"Ndiyo, kaka," mama alisema. "Mimi namlea tu."

Jioni, nilipomuuliza, alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Nikisema wewe ni wangu, wanauliza baba yako nani. Wakijua, wananiita malaya. Nilishasema ukweli mara nyingi, mwanangu, hata kabla hujajua kutembea. Kwenye foleni, zahanati, kwa wenye nyumba. Kati ya yaya na malaya, nimechagua yaya. Angalau yaya anapewa nyumba."

Nilimwelewa, na sikumsamehe. Mambo hayo mawili yamekaa kifuani mwangu pamoja tangu siku ile, hayajagombana. Nilipokuwa mtu mzima nilikuwa nataka kitu kimoja tu duniani, nacho hakiuzwi dukani: mama yangu asimame mbele ya watu, mchana, aseme huyu ni wangu. Basi. Baada ya hapo waniite watakavyo.

Tulihamia kwa Mama Mkubwa kambi ilipofungwa na mama kukosa kazi. Alitupokea, ni kweli, na alitukumbusha hivyo kila alipofungua sufuria. Halafu akaniangalia vizuri, akazunguka nyuma yangu, akaniambia nikunje mikono ya blauzi. Wiki ile ile akatundika picha ukutani.

Ndipo mama akaanza kuvaa mtandio usoni.

Mwanzoni alisema ni vumbi. Kisha akasema ni vipele vya joto. Alikula akiwa amenipa mgongo, akalala ameelekea ukutani. Mimi, na macho yangu haya yanayosifiwa na wateja, sikuona kitu. Nilikuwa nina hasira zangu za kuhudumia.

Siku moja mchana nilirudi chumbani kuchukua kitana, nikamkuta amekaa kitandani mbele ya kioo kidogo, mtandio uko magotini. Mashavu yalikuwa mekundu, yametoka ngozi vipande vipande, na chini ya macho palikuwa na madoa meusi kuliko alivyokuwa mwanzo. Shingo ilibaki vile vile. Vifundo vya vidole vilibaki vile vile. Aliposikia mlango, alijifunika kwa viganja.

"Mama, umepaka nini?"

Kopo jeupe lilikuwa pale pale kitandani, kijiko ndani yake.

"Mama! Wewe ndiye unayekoroga hii kitu. Glavu zako zinatoboka kila wiki!"

"Punguza sauti."

"Wewe ndiye uliyenizaa. Kama kuna mtu mmoja dunia nzima anayejua rangi hii imetoka wapi, ni wewe!"

"Najua," alisema. "Nilikuwepo."

Siku nyingine ningecheka. Nilikaa kitandani kando yake, nikalisukuma kopo likaanguka, likabingirika hadi chini ya kabati. Mama alilifuata kwa macho kama mtu aliyeangusha yai.

"Kila siku nasikia dada anavyosema nyuma ya pazia," alisema taratibu. "Alikuwa mweusi kuliko mimi, akapaka, akawa hivi. Kila siku, asubuhi mpaka jioni. Najua ni uongo. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu mle ndani. Lakini neno ukilisikia kila siku, linakaa. Nikawa najiambia, labda kidogo tu. Nisiwe kama wewe, hapana. Nikaribie tu. Ili siku moja tukipita barabarani, mtu asiulize."

"Asiulize nini?"

"Kama wewe ni mtoto wa bosi wangu."

Nililia kwa hasira, kilio kibaya, cha kamasi. Nilimchukia yule mlinzi wa getini, ambaye huenda kishakufa. Nikamchukia fundi mitambo na mashine zake. Nikajichukia mimi na ngozi yangu, maana ndiyo iliyobandikwa ukutani, na ndiyo mama aliyokuwa akiikimbilia kwa kijiko.

Nilimfuata Mama Mkubwa mezani kwake, nikamwambia mama anahitaji daktari.

Alikuja chumbani, akamshika mama kidevu, akamgeuza huku na huku. "Amezidisha," alisema. "Nani alimwambia apake mara tatu? Vitu vina masharti." Kisha akanigeukia mimi. "Jumamosi kuna watu wa harusi. Bi harusi, mama yake, na wasimamizi wote. Wote wanachukua. Huyu asitokeze pua yake dukani mpaka apone, ataniharibia."

"Na daktari?"

"Daktari atauliza amepaka nini. Utamjibu?" Akafunga mlango wa kabati uliokuwa wazi, kama vile chumba kizima ni chake, na kweli kilikuwa chake. "Mkiona pabaya, mlango ule pale. Nendeni mkapange. Tuone nani atampangisha mwanamke mwenye mtoto wa barabarani."

Mama alimshukuru. Nasema kweli, alimshukuru. Akasema, "Asante dada, nitakaa ndani." Nilitamani kumtikisa.

Jumamosi walikuja watu wa harusi, wamependeza, wananukia, wanaongea wote kwa pamoja. Bi harusi alikuwa msichana mweusi mzuri wa haja, ngozi imetulia kama ya mtu asiyejua shida. Mama yake alimshika shavu mbele yetu. "Huyu tu ndiye ana tatizo," alisema. "Mume anayemwoa ni mweupe. Kwenye picha ataonekana kama kivuli cha bwana."

Wasimamizi wakacheka. Bi harusi naye akacheka, kicheko cha mtu aliyefinywa chini ya meza.

Mama Mkubwa akaushika mkono wangu. Akaanza wimbo wake. Mweusi tii. Mkaa. Leo mwoneni. Wakanisogelea, wakanigusa. Nikacheka, mwanya ukaonekana, na mmoja akasema, "Jamani, hata meno yake yamekaa vizuri!" kana kwamba na mwanya nao uliletwa na mkorogo.

Bi harusi hakunigusa. Alinitazama tu. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, haiumi?"

Sikuwa nimepanga kitu. Watu hudhani mtu anayesema ukweli ameuwaza usiku kucha. Mimi nilisikia tu swali lile, nikasikia na ukimya wa nyuma ya pazia, ambako mwiko ulikuwa umeacha kukoroga.

"Sijui kama inauma," nilisema. "Sijawahi kupaka. Mimi ni chotara. Baba yangu ni Mzungu, nimezaliwa hivi hivi."

Nilikuwa nimetukanwa kwa neno lile tangu utotoni, na sasa nilikuwa nalitoa mwenyewe, kwa mikono miwili. Nilisubiri mbingu ianguke.

Walicheka.

Walicheka mpaka mmoja akaegemea rafu, makopo yakagongana. "Wote husema hivyo!" mama wa bi harusi alisema akijifuta machozi. "Kila anayejichubua siku hizi ana baba Mzungu!"

"Mnaona roho mbaya?" Mama Mkubwa alidakia bila hata kumeza mate, na huo ndio ufundi wake, namkubali. "Kishang'ara yeye, hataki mwenzake ang'are. Mtoto mchoyo huyu! Mimi ndiye niliyemlea, namjua."

"Picha yake ile pale," msimamizi mmoja alisema, akiinyooshea kidole ile ya KABLA. "Tumwamini yeye au macho yetu?"

"Yule si mimi! Ni binti yake huyu!"

"Haya, na mama yako ni nani?" mama wa bi harusi aliuliza. Hakuwa akiuliza, alikuwa akinichezea. "Huyo aliyezaa na Mzungu. Yuko wapi, tumwone?"

"Yuko pale nyuma ya pazia."

Wakageuka. "Yule mfagiaji?" alisema aliyeegemea rafu, mteja wa siku nyingi pale dukani. "Yule yaya? Jamani, mtoto, umetia chumvi mpaka imemwagika."

Kicheko kikaanza upya. Mama Mkubwa alinikanyaga mguu kwa kisigino, akakiacha pale pale. "Waombe radhi wateja," aliniambia huku akitabasamu.

Ningeweza kuomba radhi. Mkorogo ungeuzika, usiku tungekula, mama angekaa chumbani mpaka ngozi irudi au isirudi. Bi harusi alikuwa tayari ameshika kopo lake kifuani.

"Mama!" niliita.

Sikuwa nimewahi kulitamka neno lile mle dukani. Lilinitoka kwa nguvu, kama la mtoto aliyeanguka.

"Mama! Njoo uniambie mimi ni wa nani!"

Pazia halikutikisika. Nilimjua mama yangu. Nilijua amesimama pale, mwiko mkononi, akichagua kati ya mambo yale mawili, kama alivyochagua getini. Na kama angechagua vile tena, nilikuwa nimekwisha. Nilijua hivyo, nikiwa nimekanyagwa mguu mbele ya watu waliokuwa wakijifuta machozi ya kucheka.

Kisha pazia likasogezwa.

Alitoka na aproni yake, glavu zimetoboka vidoleni, mtandio usoni. Alisimama kando yangu, mfupi kuliko mimi. Mama Mkubwa alisema, "Wewe, rudi ndani," na mama akasema, "Subiri, dada." Neno subiri sikuwahi kumsikia akimwambia dada yake.

Akavua mtandio.

Hakuna aliyecheka. Bi harusi alirudi nyuma hatua moja akamkanyaga msimamizi wake.

"Hii ndiyo inayofanya," mama alisema. "Mimi ndiye ninayeikoroga, na mimi ndiye niliyepaka. Huyu hajapaka. Huyu ni mwanangu. Nilimzaa kwa Mzungu, bila ndoa, na mkitaka kuniita jina, niiteni, nalijua."

"Mtu yeyote anaweza kusema—" mama wa bi harusi alianza.

Mama akamtazama, akafungua mdomo, akakenua meno. Ilimuuma, nililiona shavu likipasuka pembeni. Mwanya ulikuwa pale, katikati ya meno ya mbele, mpana kama wangu, umeinama kidogo upande wa kushoto kama wangu. Nilikuwa nimeuonyesha asubuhi nzima, nao walikuwa wameusifia.

Waliangalia mdomo wake, wakaangalia wangu. Nami nikakenua, kwa ukaidi, ili walinganishe vizuri.

Bi harusi aliweka kopo mezani. Aliliweka polepole, kifuniko juu, akajipangusa vidole kwenye gauni. Kisha akatoka nje bila kuaga mtu, na mama yake akamfuata akimwita. Wasimamizi nao wakaondoka mmoja mmoja. Wa mwisho, yule aliyeegemea rafu, alisita mlangoni, akarudi, akalichukua lile lile kopo la bi harusi.

"Mimi nitapaka kidogo tu," alimnong'oneza Mama Mkubwa, akalitia mkobani.

Mama Mkubwa hakupiga kelele. Alizibandua picha zote mbili ukutani, akachana yangu katikati, ya binti yake akaitia kwenye droo. "Nimewafichia aibu yenu miaka yote hii," alisema akiwa ametupa mgongo. "Nimekula na malaya na chotara wake sahani moja. Mpaka jua linazama nisione hata kijiko chenu."

"Vijiko ni vyako, dada," mama alisema. "Masufuria ndiyo yangu."

Tulifunga vitu vyetu. Havikuwa vingi. Nilimwambia mama kwamba tunaanzia hospitali kabla ya kutafuta pa kulala, na kwamba daktari akiuliza nitamjibu mimi. Alikubali. Alikuwa ameacha mtandio wake dukani, sakafuni, na hakurudi kuuchukua. Watu wa mtaani walisimama kumwangalia. Mmoja aliita, "Mzungu Koko, leo mnahama na yaya wenu?" Nikaokota jiwe, mama akaniambia nilitupe chini, nikalitupa chini karibu sana na mguu wa yule mtu.

Teksi ikasimama. Dereva alishuka, akanitazama mimi tu, akanifungulia mlango wa mbele kwa heshima zote. "Karibu, bosi. Huyu dada wa kazi akae nyuma na mizigo, au anabaki?"

Nilifungua mdomo, lakini mama alinishika mkono.

"Kaka yangu," alisema, uso wake ule ukiwa wazi mchana kweupe, "huyu bosi unayemwona nimembeba tumboni, nimemnyonyesha, na leo kaniponza nimefukuzwa nyumba. Ni mwanangu. Mbele nakaa mimi."

Akapanda, akafunga mlango. Mimi nikakaa nyuma na masufuria magotini. Njia nzima dereva alituangalia kwenye kioo, mimi, halafu yeye, halafu mimi tena. Nikamwambia aangalie barabara.